Sinia la Jumatano

Nyinyi vijana mnaonipita hapa Richfield, Minnesota, na vidude vya muziki masikioni, mkinirushia "sasa mzee" kana kwamba tulitiwa jandoni pamoja, leo nawaomba dakika chache. Nawaita wanangu kwa sababu Mungu hakunijaalia wa kuzaa, basi nimejigawia nyinyi nyote bila kuwauliza mama zenu.

Mimi nilikuwa dobi. Miaka ishirini na miwili nimefua shuka za hospitali katika kiwanda kimoja kule Saint Paul, mpaka magoti yakakataa. Shuka zilizopita mikononi mwangu, ukizitandika moja baada ya moja, zingefika Mombasa, zikageuka, zikarudi, na zingebaki za kuufunika uwanja wa ndege hapo jirani. Jamaa mmoja alinibishia hesabu hiyo. Nikamwambia mimi nina cheti cha shule ya jioni, nilikipata nikiwa na miaka hamsini na moja, na hesabu ndilo lililokuwa somo langu bora. Lilikuwa somo langu baya kuliko yote, lakini yeye angejuaje?

Kwa hiyo nitazidisha hapa na pale, ndivyo nilivyoumbwa. Lakini nikifika kwenye habari za mke wangu Zainabu, hapo sitazidisha hata nukta. Mtaona wenyewe tofauti.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Espe, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mfupi hata akisimama nyuma ya rundo la taulo humwoni, unasikia sauti tu. Siku yangu ya kwanza alinipa ncha mbili za shuka, yeye akashika mbili, nami nikavuta kwa nguvu zangu zote za kiume. Akaja mbio mpaka kifuani kwangu.

"Papa Bakari! Unavuta shuka kama unavuta mbuzi!"

"Si nikunje?"

"Kunja, ndiyo. Lakini usiangalie shuka. Niangalie mimi. Shuka haina macho, mimi niko nayo."

Hilo ndilo somo la kwanza la udobi. Shuka la hospitali ni refu, hukunjwa na watu wawili, na mkitazama kitambaa kila mmoja atakwenda na mwendo wake. Mkitazamana, mikono inajipata yenyewe. Unalipiga hewani mara moja ili mikunjo itoke, mnakutana katikati, yeye anapokea ncha zako, wewe unashuka kuokota mkunjo wa chini. Baada ya mwezi tulikuwa tunakunja huku tunasimuliana habari za Mobutu na habari za uhaba wa mafuta ya taa, na mikono ikifanya kazi kama haituhusu.

Somo la pili nililipata kwa aibu. Lilikuja gunia la shuka zenye damu, nami kwa akili yangu ya Mji wa Kale, Mombasa, nikafungulia maji ya moto, mpaka mvuke ukapanda darini. Mama Espe akachungulia kwenye kioo cha mashine, akapiga ishara ya msalaba.

"Umepika damu," akasema. "Itakaa humo mpaka Yesu arudi."

Damu ni maji baridi, wanangu. Baridi kwanza, moto baadaye. Na kabla ya kutia chochote, papasa. Mimi nimetoa kwenye shuka meno ya bandia, mikasi, pete za ndoa, rimoti za televisheni, na siku moja pete, meno na rimoti ndani ya shuka moja. Siku niliyosahau kupapasa, kalamu ya daktari ilipita ikaharibu shuka mia saba. Basi, tuseme arobaini. Supavaiza alinitazama kwa muda ambao ungetosha kukausha zote.

Sasa nije kwenye chakula, maana hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Brek yetu ilikuwa dakika thelathini. Tulikuwa watu sita upande wa shuka safi, na maikrowevu moja. Kila mtu na kikopo chake, kila kikopo dakika tatu. Fanyeni hesabu, nyinyi mliosoma mchana: wa sita akianza kula, wa kwanza ameshamaliza, ameosha mikono, anapiga miayo. Na kila mmoja alikuwa ameelekea ukuta wake, amekumbatia kikopo kama anaogopa kuibiwa. Mimi nilikuwa nakula garini, kwa sababu samaki wangu wa kupaka alikuwa na harufu iliyowakosesha watu raha.

Nilipomsimulia Zainabu haya, aliacha kukuna nazi.

"Unakula wapi?"

"Garini."

"Kama mtu aliyeiba!"

Kesho yake akaniwekea pilau kwenye chombo kikubwa cha kuingia maikrowevu, na sinia lake la bati alilolibeba kutoka Mombasa likiwa limefungwa kwenye khanga. Nilichotumwa kilikuwa kimoja: pasha mara moja, mwaga kwenye sinia, ita watu. Mutua, Mkamba wa Machakos ambaye hajawahi kukataa chakula tangu azaliwe, alikuwa wa kwanza kuvuta kiti. Dakika saba zilitosha kukipasha chote. Zilizobaki tulikula, tukacheka, na tukabakiwa na muda wa kunyoosha miguu.

Tangu hapo tukagawana siku. Jumatatu ya Mama Espe, sombe, yaani kisamvu, kwa wali, na nyama akainunua kwenye duka la halali kwa ajili yangu bila kuambiwa. Jumanne ya Mutua, githeri, mahindi na maharagwe. Na Jumatano ilikuwa yangu, yaani ya Zainabu. Watu walikuwa wanabadilisha siku zao za mapumziko ili Jumatano wawepo. Hapa sizidishi. Zainabu alikuwa mpishi wa harusi kwetu, alikuwa na vyungu ambamo mtoto angeweza kuogelea. Alikuja Minnesota akakuta jiko la mafiga manne madogo na hana harusi ya kupikia. Jumatano ndiyo ilikuwa harusi yake. Nikirudi alikuwa ananihoji kama polisi: nani alirudia, nani alikwangua sinia, Mama Espe alisemaje. Aliwajua wote kwa matumbo yao, ingawa uso hakumjua hata mmoja.

Kisha kiharusi kikampiga.

Alikaa hospitali wiki kadhaa, zote nikiwa nimeomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha mgongo, maana tangu siku ya kwanza kila mlango ukifunguka alijifunika uso. Jueni kwamba shuka alizolalia zilikuwa zile zile za kiwandani kwetu. Nilizijua kwa pindo. Nilipokuwa nikizifua miaka yote ile haikunijia hata mara moja kwamba juu ya shuka kuna mtu.

Aliporudi nyumbani mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mdomo umekwenda upande. Maneno yake yalitoka moja moja, ya kuokotwa kama shanga zilizokatika. Neno la kwanza kamili aliloniambia, ameketi kwenye kiti karibu na dirisha, ni hili:

"Usimwambie mtu. Wasinione hivi."

Nikamwahidi.

Nyinyi mliozaliwa huku pengine hamuelewi. Kwetu pwani mtu hufundishwa sitara tangu ananyonya. Ya ndani yafunikwe. Mwanamke aliyekuwa akiingia harusini wanawake wenzake wakimpisha njia, leo mate yanamtoka upande mmoja wa mdomo, wewe utamfungulia mlango nani amtazame? Niliona namheshimu. Kwa Waswahili wenzetu nikasema Zainabu amesafiri, yuko Mombasa kwa dada yake. Kiwandani nikasema hajambo, anawasalimu, kwa sababu Jumatano ilikuwa lazima chakula kije na chakula hakiwezi kupikwa na mtu aliyeko Mombasa. Hivyo mke wangu mmoja nikamweka katika mabara mawili, na mwenyewe yuko ghorofa ya pili hapa Richfield, anatazama ndege zikitua.

Nilikuwa namwachia chai kwenye chupa, mkate, na simu upande wa mkono wake wa kushoto. Naondoka alfajiri, narudi saa tisa mchana. Nakuta chai haikuguswa, mkate haukuguswa, kiti hakikusogea hata inchi. Waliletwa wahudumu wawili, mmoja baada ya mwingine, wote akawafukuza kwa macho tu. Mwanzoni alikuwa akiniuliza habari za sinia. Baadaye akaacha kuuliza. Baadaye tena akabaki na maneno mawili, ndiyo na la. Daktari aliniita pembeni akanieleza wazi: ulimi usiotumika hulala, na huyu akizidi kunyamaza na kukataa chakula, hatutazungumza tena habari ya kupona, tutazungumza habari ya muda. Anahitaji watu, akasema.

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo mfukoni. Nikamwambia Zainabu, "Daktari anasema watu."

"La," akasema.

Nikatii.

Miezi tisa, wanangu. Na mwaka huo huo kiwandani ikaletwa mashine ya kukunja. Unailisha shuka upande huu, linatoka upande wa pili limekunjwa kama barua. Ilikuwa maajabu, ilifanya kazi ya watu kumi, basi wanne. Lakini tulitawanywa, kila mtu akawa na mashine yake na kelele zake. Mimi na Mama Espe hatukutazamana tena usoni siku nzima. Kama tungekuwa bado tunakunja kwa mikono, angeniona siku ya kwanza tu, nisingemaliza hata foronya. Sasa mahali pa kuonana palibaki sinia peke yake.

Na sinia halina siri. Kikopo chako unaweza kukificha, lakini cha sinia kinaingia vinywani mwa watu sita.

Jumatano za kwanza nilinunua pilau hotelini, nikaihamishia kwenye chombo chetu. Mutua akatafuna, akatafuna, akaniuliza kama mke wangu ameajiriwa hoteli, maana pilau hii yeye hulipa akiila. Nikacheka kuliko wote. Ikabidi nipike mwenyewe. Sijawahi kupika maishani mwangu. Nilikuwa nikimwona Zainabu akipika nikadhani nimejifunza, kama mtu anavyodhani amejua kuogelea kwa kutazama maji. Jumatano ya kwanza wali ulikuwa bokoboko. Ya pili ulikuwa changarawe. Ya tatu, juu ulikuwa bokoboko, katikati changarawe na chini makaa, na bizari nzima nzima zikiwakwama watu menoni. Ungeweza kuzibia mashimo ya barabara baada ya theluji.

Hakuna aliyesema kitu. Hilo ndilo lililoniumiza. Mutua, ambaye hajawahi kuuzuia mdomo wake, alikuwa anakula kimya kimya, anasukumia na maji. Walikula ule wali wiki baada ya wiki, na wakaniambia "msalimie mama".

Mpaka Jumatano moja Mama Espe akalitia tonge mdomoni, akalishika humo muda mrefu kama anayemsikiliza mtu. Akameza. Akaweka mkono pajani.

"Papa Bakari. Bibi yako iko wapi?"

"Nyumbani. Anawasalimu."

"Hii chakula, mkono yake si ya bibi yako. Ya wiki iliyopita pia. Na ya ingine. Sisi tunakula tu, tunasema labda yuko na hasira na wewe." Akanisogelea. "Iko mgonjwa?"

"Mama Espe, Zainabu ni mzima kama chuma."

"Mzee," Mutua akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "huyu si mtu wa kupika hivi hata akiwa na hasira."

Nikacheka. Kile kicheko changu mnachokijua, cha kusikika mpaka mji wa Shakopee. Nikacheka, nikaona nyuso zao hazicheki, nikaendelea kucheka kwa sababu nilijua nikiacha kitakachofuata si kicheko. Halafu pumzi zikaniishia. Mama Espe akanishika kisogo kwa mkono wake wenye mafuta ya pilau yangu mbaya, akanikandamiza kichwa begani kwake, mbele ya watu, mwanamume mzima na mvi zangu. Kengele ya kurudi kazini ikalia, hakuna aliyeinuka.

Nikawaambia. Nikawaambia na ahadi niliyoitoa.

"Leo shifti ikiisha nitakuja," akasema Mama Espe.

"Usije. Nimeahidi."

"Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi."

Alinifuata kwa gari lake mpaka Richfield. Nilipomfungulia mlango wa chini nikaona kitu kilichonishangaza: mikono yake ilikuwa mitupu. Mwanamke huyu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kubeba kitu. Na hapa kuna mgonjwa! Nikamwona hana adabu, Mungu anisamehe.

Zainabu alisikia sauti ngeni, akajikokota chumbani, akafunga mlango. Akasema kwa ndani, "Nimelala."

Mama Espe akachukua kiti, akakiweka kando ya ule mlango, akakaa. Akazungumza na ubao.

"Mama Zainabu, mimi ni Espe wa sinia. Sikuja kukuangalia. Nilikuja na shida."

Mlango haukufunguka.

"Binti yangu Furaha anaolewa. Kijana ni Mtanzania, wa Tanga. Mama wa kijana amesema, harusi bila pilau si harusi. Mimi pilau sijui. Watu mia tatu! Niko na aibu hata kulala silali."

Mimi nilikuwa nimesimama na funguo mkononi, sijui nimtoe au nimwache.

"Bon, sawa," Mama Espe akaendelea, sasa kama anayejisemea mwenyewe. "Basi nitafanya hivi. Mchele nitaulowesha tangu jana yake, usiku mzima, uwe laini. Nyama nitatia mwisho, mbichi. Kisha nitanunua tomati za kopo, kopo ishirini, nitamimina zote juu…"

"Kopo!"

Ilitoka nyuma ya mlango kama mtu aliyechomwa sindano. Kisha tukasikia kiti kikigongwa, mguu ukiburuzwa, kitasa kikihangaika na mkono wa kushoto. Mlango ukafunguka. Zainabu alikuwa amesimama ameegemea fremu, khanga ameivuta imeficha nusu ya uso, na jicho lililobaki nje linawaka.

"Usiku… mzima?" akasema. "Unataka… uji?"

Mama Espe hakumtazama usoni. Alikuwa ameshatoa karatasi na kalamu, ameinamia magoti yake kama mtoto wa shule. "Sema polepole, mama. Mimi naandika."

Mke wangu, ambaye kwa miezi alikuwa na maneno mawili tu, alifundisha pilau kuanzia kukaanga kitunguu mpaka kupalia makaa juu ya kifuniko, kwa muda usiopungua nusu saa. Maneno mengine yalivunjika. Mengine aliyarudia mara nne. Mama Espe hakumsaidia hata moja. Alisubiri na kalamu hewani mpaka neno litoke lenyewe. Mimi nilikwenda jikoni nikafungulia maji ya bomba ili wasinisikie.

Msidhani mambo yalinyooka hapo. Mgeni alipoondoka, Zainabu alinigeukia.

"Umeniuza."

"Sikukuuza. Wali ndio umesema."

"Umeniuza," akasema tena, na siku mbili hakunijibu salamu. Siku ya tatu, Jumamosi, nikiwa namfunga vifungo, akauliza akitazama ukutani, "Yule Mkongo… anakuja saa ngapi?"

Alikuja. Akaja na Furaha, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Zainabu akamwambia Kiingereza hakisikii kwa sikio la upande huu uliougua. Uongo mtupu! Msichana akahangaika mpaka akasema, "Mama, nifundisheni kukata vitunguu." Akaja Mutua, anataka kujua kwa nini chapati za mkewe zinavunjika. Baadaye sana nikagundua kwamba Mama Espe alikuwa amewapa wote amri kiwandani: asiende mtu pale na pole mdomoni. Kila atakayekwenda aende na shida ya kweli, ambayo yule mama anaweza kuitatua akiwa amekaa. Nilimuuliza kwa nini siku ile ya kwanza alikuja mikono mitupu. Akaniambia alipofika nchi hii mara ya kwanza watu walimpa makoti, blanketi, unga, viatu, walimpa kila kitu kwa mwaka mzima, na hakuna aliyemwomba kitu. Akasema alikuwa ameshiba na amevaa, na kila asubuhi alikuwa akijiuliza yupo kwa ajili gani.

Hilo andikeni mahali. Tulipokuwa shule ya jioni mwalimu alitupa insha kuhusu furaha, nikaandika kurasa sita, nikapata alama nzuri, na hakuna hata mstari mmoja mle wenye uzito wa maneno ya dobi yule. Mtu akipewa tu, anakauka.

Siku ya harusi, jikoni mwa ukumbi wa kanisa kule Saint Paul, Zainabu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu katikati ya masufuria manne, mwiko mkono wa kushoto, kama jemadari. Mutua alikuwa kwenye vitunguu, analia machozi ya kuoga.

"Wewe Mkamba! Vyembamba! Hivyo ni vya ng'ombe?"

"Mama, hata jicho silioni."

"Kata kwa masikio!"

Ndipo akaingia Bi Rukia, mama wa Kilamu tunayesali naye, kaalikwa upande wa bwana harusi, anafuata harufu. Mimi nilijificha nyuma ya jokofu. Akamwona Zainabu. Akaona mdomo, akaona mkono ulivyolala pajani. Akashika kiuno.

"Ala! Niliambiwa uko Mombasa kwa dada yako. Kumbe Mombasa ni jikoni kwa Wakristo!"

Zainabu alitazama chini. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikatoka mafichoni. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka khanga ikamteleza kichwani ikaangukia mabegani, uso wote ukawa wazi mbele ya watu kumi na tano, mdomo uliopinda ukizidi kupinda kwa kicheko. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mwiko. Hakuuweka chini ili airudishe khanga.

"Rukia," akasema, "acha maneno. Geuza wali huo."

Na Bi Rukia, na dhahabu zake zote, akakunja mikono ya gauni.

Tangu siku hiyo mlango wetu haukukaa kimya. Waswahili walinigombeza kwa zamu, nikastahili. Kisha wakaanza kuja. Asubuhi niliyoondoka mimi aliingia mwingine, na mchana mwingine, na kila mmoja na lake: anayetaka kujua kutunga jina la mtoto, anayetaka kusuluhishwa na mkwewe, anayetaka tu mahali pa kukaa akichambua mchele. Nikirudi saa tisa nakuta viatu mlangoni vya kutosha kufungua duka. Kiti cha dirishani hakuna aliyejua tena kilipo. Kilikuwa kinahamishwa huku na huku kwa ajili ya wageni. Mkono wake haukurudi. Mdomo haukunyooka. Lakini alikula, kwa sababu alikuwa akila na watu, na alisema, kwa sababu alikuwa na wa kumwambia. Katika miaka yote ya ndoa yetu, na tulikuwa na miaka mizuri, sikuwahi kumwona na furaha kama ya mwaka ule, naye ameshapoteza nusu ya mwili.

Mwaka mmoja na miezi miwili. Halafu kiharusi cha pili kikampiga, na safari hii daktari hakuniita pembeni, alituambia sote mle ndani.

Wanangu, mtakuja kuambiwa na mtu mnayempenda, "Usimwambie mtu." Mtaambiwa na rafiki wa chumba kimoja, na mama zenu, na pengine mtajiambia wenyewe, huko Shakopee kwenye maghala, ambako mtu anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kuitwa jina lake. Siwaambii mzitangaze siri za watu. Sitara ni kitu kizuri, mimi nimelelewa nayo. Ninachowaambia ni kwamba msimwache mtu peke yake kwa jina la heshima. Ombeni tena kesho. Bishaneni naye. Mwombeni ruhusa ya mtu mmoja tu. Mimi niliambiwa "la" mara moja nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Asubuhi moja ya siku zake za mwisho hospitalini, wageni walikuwa wametolewa nje ili apumzike, wamejaa kwenye ukumbi wa kungojea, sauti ya Mama Espe inasikika mpaka ndani. Nilikuwa nimemshika mkono ule wa kushoto. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamwambia kitu nilichokibeba tangu Jumatano ile.

"Zainabu, nisamehe. Nilikuahidi sitamwambia mtu, nikasema."

Akanitazama kwa upole ambao mpaka leo siwezi kuukabili.

"Hilo nilikusamehe zamani," akasema, neno moja baada ya jingine. "Lakini ile miezi tisa, Bakari. Mbona ulinitii?"